Carina mpaka Allion: kule chini nyuma ilibadilika nini, na kwa barabara zetu za Bukavu tuchukue gani?

teksi_ya_Nyawera

Jambo bandugu. Niko na Toyota Carina ya 1998, ile AT212 ya injini 1500, miaka tisa sasa natembeza nayo teksi Nyawera–Kadutu, na wakati zingine nilikuwa nafika mpaka Kavumu kama kuna mutu alikuwa anaenda kuchukua ndege. Gari ni nzuri lakini imechoka, nataka kuiuza nichukue Allion ya 2003. Siku ya posho nililala chini ya Allion ya jirani na tochi ya simu juu nilitaka kuona mwenyewe kule nyuma iko namna gani, na nilishangaa sana.

Kwa Carina yangu, kila mupira wa nyuma unashikwa na mikono mitatu, miwili inatoka kati-kati ya gari inakuja ku mupira, mumoja murefu unaenda mbele, kisha amortisere (shokabu) na resori (springi) yake inasimama juu kama nguzo inaingia mpaka pembeni ya kofri (buti). Allion haina kitu kama hiyo. Iko chuma kimoja kinene, boriti, kinatoka mupira huu mpaka ule mwingine, kimekunjwa kama mufereji, na kule mbele kinashikwa na silenbloki mbili tu (zile bushi za kauchu za kuungia vyuma), kubwa kama kopo ya maziwa. Basi. Jirani anasema Toyota ilitafuta tu kupunguza gharama, eti wametunyima pyesi (vipuri).

Sasa mimi nauliza kwa ile ya kweli juu nataka kutoa pesa ya watoto hapa: hii mabadiliko ni kushuka ao ni kupanda? Mwaka uliopita peke yake nimebadilisha silenbloki za nyuma mara tatu. Mara tatu! Garaji moja ya huku kwetu wanaziweka, miezi mitatu zimepasuka, mipira inaanza kuliwa kwa ndani, ukipitisha kiganja juu ya mupira unasikia meno kama ya musumeno. Kama ile boriti ya Allion itaniondoa mu hii shida nitaichukua kesho, na kama ni kitu ya bei rahisi ambayo itavunjika pale Major Vangu huku mujini mwezi wa kwanza, heri mutu aniambie sasa.

fundi_Kadutu

Mukubwa wa Nyawera, swali yako ni ya mutu anayejua gari yake, nitajibu kwa urefu. Nimefanya hizi Carina tangu zilianza kuingia huku.

Kwanza jirani yako iko na haki nusu. Ndiyo, boriti ni rahisi kutengeneza, vyuma vichache, inapanda ku gari mara moja ikiwa nzima. Toyota hawakuanzia ku Allion: Corolla ya 100 na ya 110 (hizi ni namba za model) zilikuwa na nguzo na mikono kule nyuma kama Carina yako, halafu mwaka 2000 ikatoka Corolla ya 120 na boriti, na mwisho wa 2001 Carina ikakufa, ikaja Allion, pamoja na ndugu yake Premio ambayo ilichukua nafasi ya Corona, zote mbili juu ya msingi mumoja na ile Corolla. Hata ile boriti yenyewe si kitu ya juzi, Volkswagen waliiweka ku Golf ya kwanza 1974. Na ile nguzo yako ni ya zamani kuliko hapo, njo inaitwa MacPherson kwa jina la injinia mumoja wa Marekani, gari za kwanza kuuzwa nayo zilikuwa Ford Consul na Zephyr za Uingereza, zilizoonyeshwa 1950.

Lakini tuache historia, lala tena chini ya gari yako na uhesabu. Mikono mitatu kila upande, kila mukono silenbloki mbili, huku sita na kule sita: kumi na mbili. Allion: mbili. Ku barabara zetu ambazo gari inatetemeka kutoka asubui mpaka usiku, kila kauchu ni mulango wa shida. Halafu kitu batu wengi hawajui: kwa Carina amortisere ya nyuma inafanya kazi mbili, inatuliza resori na tena inashikilia mupira usianguke kwa pembeni. Njo maana fimbo yake inaliwa upande mumoja na mafuta inaanza kutoka. Kwa Allion kazi ya kushika mupira ni ya boriti, amortisere inatuliza tu, ukiibadilisha hauna haja hata ya kupima tena mipira.

Jambo ya tatu ni mizigo. Wewe ni teksi, unabeba watu sita na gunia ya makala mu kofri. Carina ikishuka nyuma na uzito, ile mikono inapanda, na mipira inainama kwa ndani juu. Njo maana inaliwa kwa ndani. Kwa boriti, mipira miwili iko ku chuma kimoja, ishuke ishuke namna gani inabaki imesimama vile vile.

Ile ya silenbloki kupasuka miezi mitatu nitarudilia usiku, niko na gari ku kriki (jeki).

Goma_ku_mawe

Salamu kutoka Goma. Mimi nilikuwa na Corolla 110, nikauza, niko na 120 mwaka wa nne. Huku kwetu wajua barabara nyingi za mitaa ni mawe ya volkano tu, tangu ile Nyiragongo ililipuka 2002 kuna avenue ambazo unatembea juu ya lave yenyewe, kali kama kisu. Nasema hivi: ile 110 ilikuwa tamu kuliko hii. Ukipita pahali mupira wa kushoto unaingia mu shimo na wa kuume uko juu ya jiwe, 110 kila mupira ulikuwa unajitegemea, hii 120 unasikia mugongo mzima wa gari unavutwa. Ukiwa umekaa kiti cha nyuma njo unasikia zaidi, bibi yangu alilalamika wiki ya kwanza.

Lakini fundi wa Kadutu amesema kweli kuhusu pyesi. Ile 110 nilikuwa naipeleka ku garaji kila kipindi cha mvua. Hii 120, kule nyuma, nimebadilisha amortisere mara moja. Silenbloki za boriti bado ni zile ilikuja nazo kutoka Japani.

muzee_wa_Labotte

Watoto wangu, munasema kama vile hii maneno ni mupya. Mimi niliendesha Peugeot 504 miaka mingi na nitawaambia kitu. 504 ya kawaida, ile ya familia, ilitoka 1968 ikiwa na mipira ya nyuma yenye kujitegemea, kila mumoja na mukono wake. Lakini ile 504 break, ile ndefu iliyobeba batu na mizigo, Peugeot hao hao waliiwekea pon nzima ya nyuma, chuma kimoja kutoka mupira mpaka mupira. Break ilitoka nyuma kidogo, lakini ni Peugeot ile ile. Hawakusema break ni gari ya bei rahisi. Walisema hii itabeba mizigo, hii itabeba familia. Tulipanda na break kutoka Uvira mpaka Bukavu, mu ile milima ya Ngomo, ikiwa imejaa samaki na batu, na haikuwahi kutulaza njiani kwa sababu ya nyuma. Tena ile ya familia njo ilikuwa inanitulizia mugongo siku ya mungu nikienda kusali.

Basi mwanangu wa Nyawera usiulize gani ni nzuri. Jiulize wewe unabeba nini.

teksi_ya_Nyawera

Asante muzee, asante mukubwa fundi. Muzee umenifungua macho na ile break, papa yangu mudogo alikuwa nayo na sikuwahi kufikiria kuangalia chini yake.

mwana_Lushi

Jambo bote. Niko Lubumbashi, na mimi sikubaliani kabisa na vile munasifu boriti. Kama boriti ilikuwa nzuri, juu ya nini Toyota wameanza kuiacha? Corolla mupya, ile ilianza kutoka 2018, nyingi zimerudia mikono mingi kule nyuma. Miaka kumi na nane wanatuuzia boriti kisha wanarudi ku ile ile walikuwa wanasema ni gharama. Volkswagen ni vile vile: Jetta ya Marekani waliiondolea mikono ya nyuma mu 2010 ili ishuke bei, wakalaumiwa, miaka kama tatu ikapita wakairudisha. Na Honda walifanya ya kwao kwa mbele: Civic ilikuwa na mikono miwili kwa mbele, ya juu na ya chini, mu 2000 wakaweka nguzo ya MacPherson, na Accord ikafuata 2012. Kila siku ni kupunguza tu. Sisi huku njia ya Likasi na ya Kasumbalesa iko na lami, tunakimbia, gari ya boriti ukikata kona na mbio halafu unakutana na shimo pale pale mu kona, nyuma inaruka pembeni. Nimeisikia mwenyewe ku Premio ya kazini, roho ilitoka.

mama_ya_Panzi

Samahani niulize kitu, miye niko na Premio ya 2004 lakini ni ile ya mipira ine kuvuta, na nikiangalia chini sioni hiyo boriti munasema. Nimeona mikono na kile kichwa cha pon ya kati. Waliniuzia gari yenye ilibadilishwa?

fundi_Kadutu

Nimerudi. Nianze na mama: Mama, usiogope, gari yako ni sawa. Zile Premio na Allion za mipira ine hazikupewa boriti, juu pale kati kunapita kardani na pon inayozungusha mipira ya nyuma, kwa hiyo wenyewe Japani waliweka mikono miwili ya juu na ya chini kila upande. Corolla 120 ya mipira ine ni vile vile. Mukitafuta pyesi, Mama, uwaambie mapema ni ya mipira ine, sivyo watakuuzia za wengine na utarudi soko mara mbili.

Mwana Lushi, naheshimu maneno yako na mengi ni kweli, tena ile ya kona na shimo ni kweli kabisa, mutu asikudanganye. Mipira iko imefungwa pamoja, mumoja ukipigwa mwingine unasikia. Lakini angalia umesema nini: lami na mbio. Toyota wa 2018 anatengenezea mutu anayekimbia ku lami. Mukubwa wa Nyawera, kutoka Place de l'Indépendance mpaka Kadutu, ni wakati gani anafika hata kilometre 50 kwa saa? Yeye anapanda mu mashimo na mawe na rigole (mitaro), na gari imejaa. Shida zake si zako.

Sasa ile kubwa, silenbloki za miezi mitatu. Mukubwa, nitakuuliza swali moja: pale wanafunga ile buloni ya mwisho, gari iko chini juu ya mipira yake, ao iko juu ya kriki na mipira inaning'inia?

teksi_ya_Nyawera

Iko juu ya kriki. Mara zote tatu. Wanafunga kisha wanashusha.

fundi_Kadutu

Njo pale.

Sikiliza vizuri na wote mufuate, hii hata kwa boriti ni vile vile. Silenbloki haizunguki kama rulma (beringi). Kati-kati iko na tuyo (bomba) ya chuma, nje iko na tuyo ingine, na kauchu imeshikana na zote mbili. Ukifunga buloni, tuyo ya ndani haitembei tena, kauchu peke yake njo inajikunja. Sasa ukifunga mipira ikining'inia, kauchu inajua kwamba pahali pake pa kupumzika ni pale. Ukishusha gari, mukono unapanda, kauchu tayari imekunjwa hata gari haijatembea. Ukibeba batu sita inakunjwa zaidi. Kila shimo inavutwa mpaka mwisho wake. Miezi mitatu? Hata ilikaa sana.

Buloni inawekwa, inakazwa kwa vidole na ufunguo kidogo, gari inashushwa juu ya mipira yake, unaitikisa mara mbili tatu, NJO unaingia chini kukaza kabisa. Kama hakuna shimo ya garaji, weka kriki chini ya mupira wenyewe ao chini ya pahali amortisere inashika, inua mpaka gari ianze kutoka ku tegemeo, kaza pale. Wengi hawafanyi hivi juu kuingia chini ya gari iliyoshuka ni taabu, na pale Carina iko na buloni nyingi. Allion iko na mbili tu, hata fundi muvivu anaweza kuzifanya vizuri.

Goma_ku_mawe

Mukubwa fundi, hii peke yake ingetosha kufungua uzi. Mimi nilikuwa nashitaki wauzaji wa pyesi siku zote.

teksi_ya_Nyawera

Sina hata neno. Mara tatu nimelipa, nikatukana pyesi za feki, kumbe ni namna ya kufunga. Nimemupigia yule kijana wa garaji jioni hii, sikumugombeza, nilimueleza tu, alisikiliza, alisema wao walifundishwa vile na patroni wao na patroni wao vile vile.

Basi nichukue Allion? Ao nitengeneze Carina yangu na kufunga vizuri?

fundi_Kadutu

Chukua Allion, lakini usichukue ile yoyote.

Hapa njo boriti iko na ubaya wake. Mikono ya Carina inaharibika kidogo-kidogo na inakuambia. Inalia, inagonga, mupira unaliwa, unabadilisha mukono mumoja bei yake unaiweza. Tena Carina ukipinda kidogo fundi anaweza kurudisha mipira mu mustari, mukono mumoja uko na pahali pa kurefusha na kufupisha. Boriti haiongei. Inakaa miaka inanyamaza, halafu siku moja mutu anateleza ku matope, mupira wa nyuma unapiga ukingo wa rigole kwa pembeni, pa, imepinda. Hakuna buloni ya kurekebisha. Ni kununua nzima, ya okazyo (iliyotumika), kama unaipata isiyopinda.

Na wengine hawabadilishi. Wanapeleka ku musuderi, fundi wa kuunga vyuma, anapasha moto anapiga nyundo, ao imepasuka anabandika feraabeto (nondo) juu yake. Hii usikubali hata wakikupa gari bure. Ile chuma imetengenezwa ijisokote, mupira mumoja ukipanda na mwingine ukishuka yenyewe njo inajisokota kati-kati, kile ulichoona umesema kama mufereji hakikukunjwa hivyo bure, ni ili kiwe kigumu kupinda lakini chepesi kujisokota. Ukiweka feraabeto umeikataza kujisokota pale, na itapasuka pembeni ya ile sudire.

Kwa hiyo unaenda kuona gari na kamba. Tafuta pahali pa sawa, volani (usukani) iwe imenyooka, unashika kamba kati-kati kabisa ya mupira wa mbele mpaka kati-kati ya mupira wa nyuma, unafunga kifundo. Unapeleka kamba ile ile upande mwingine. Nusu santimetre usijali. Ikianza kuzidi santimetre moja, uliza maswali. Kisha simama nyuma ya gari hatua kumi, chuchumaa, angalia mipira ya nyuma: yote miwili isimame namna moja. Kisha lala chini na tochi, angalia rangi ya boriti: pahali palipopashwa moto rangi inabadilika, na pahali pa sudire mupya panapakwa rangi nyeusi ya kufichia. Pitisha kidole.

mwana_Lushi

Mukubwa fundi nakubali. Hii ya kamba nitaifanya hata ku ile Premio ya kazini, juu kile kuruka pembeni sasa nashuku si boriti kama boriti, labda iliisha kupigwa.

fundi_Kadutu

Inawezekana sana, yaya. Fanya kisha utuambie.

mama_ya_Panzi

Na ya mipira ine kamba inafanya kazi?

fundi_Kadutu

Inafanya Mama, kwa gari yoyote. Ila kwako ikionyesha tofauti, kuna mikono ya kutafuta ni upi umepinda, si kununua chuma kizima.

teksi_ya_Nyawera

Nimerudi bandugu, siku ine zimepita. Nilienda kuona Allion moja huku Muhungu, nyeupe, safi, viti bado na nailoni, mwenye gari ni mutu mupole sana na bei ilikuwa inanifaa, miye nilikuwa nimeisha kuipenda. Pahali pa sawa hapa kwetu munajua ni shida, tuliipeleka mpaka ku parkingi ya kanisa. Kamba upande wa volani, nikafunga kifundo. Upande mwingine kifundo kikapita kati-kati ya mupira, vidole viwili. Nikarudilia. Vidole viwili tena.

Nililala chini. Boriti ilipakwa rangi nyeusi nzima, vizuri kabisa, nikapitisha kidole kama fundi alisema, na karibu na mupira wa kuume kidole kikapanda juu ya kitu kama mushipa wa mukono wa muzee. Sudire, ndefu kama kalamu. Nilimuonyesha mwenye gari, akalala chini na yeye na suruali yake ya kazi, akaangalia, akanyamaza. Aliniambia aliinunua vile miaka miwili sasa na hakuna mutu aliwahi kumuambia. Namuamini. Alikaa pale chini muda murefu kuliko mimi.

Sikuinunua. Lakini nimemupa namba ya fundi wa Kadutu juu anabeba watoto wake kila asubui mu ile gari.

Carina yangu jana tulifunga silenbloki nne mupya, gari ikiwa chini juu ya mipira yake, na yule kijana wa garaji njo aliingia mwenyewe kukaza, nilimushikia taa. Itanisaidia kungoja. Kesho saa mbili asubui kuna Allion ingine Nguba ya 2005, nitatokea pale na kamba.